Maswali ya Wasomaji: Kuhamia Mtwara kabla ya msimu

SWALI: Ndugu wahariri, mume wangu amehamishiwa Mtwara kikazi na tunahama kutoka Dar es Salaam mwezi wa nane. Nina mtaji wa shilingi milioni 12, nataka kufungua duka la vifaa vya ujenzi. Nasikia wakati wa korosho fedha humwagika. Je, ningoje Oktoba ndipo nifungue? Na mali yote niibebe Dar? — Msomaji, Mbagala

JIBU: Dada, Oktoba utakuwa umechelewa kupata fremu, na bado utakuwa umewawahi mno wateja. Tafuta fremu mara tu mnapofika, kwa sababu msimu ukikaribia wenye fremu hupandisha kodi na wengine hudai kilemba, yaani malipo ya ziada ya kukuachia fremu.

Fedha ya korosho haifiki mjini siku ya mavuno. Chini ya stakabadhi ghalani, utaratibu ulioanza 2007, mkulima hupeleka korosho zake AMCOS (chama cha msingi cha ushirika), zinapimwa na kupangwa daraja la kwanza au la pili, kisha zinasafirishwa hadi ghala kuu. Hapo ndipo zinapoingia mnadani. Mnunuzi akishalipa, fedha hupitia chama kikuu cha ushirika (MAMCU, au TANECU kwa Tandahimba na Newala) na AMCOS, zikikatwa tozo, hadi kwenye akaunti ya mkulima. Kila hatua inakula siku zake. Minada kwa kawaida huanza Oktoba, kwa hiyo mauzo makubwa ya bati yatarajie Novemba hadi Januari. Mnada ukifanyika leo, usijaze duka kesho. Uliza kwanza AMCOS zipi zimeshalipwa.

Yapo pia mawimbi madogo ambayo wageni huyasahau: ufuta huuzwa katikati ya mwaka na mbaazi hufuata. Kipindi kigumu ni Februari hadi Mei. Mkulima ameshalipa ada za watoto, amemaliza kujenga, na mvua zinanyesha.

Jambo jingine ni kwamba korosho nyingi za mkoa hutoka Tandahimba, Newala na Masasi, na huko nako kuna maduka makubwa. Mtwara mjini inaishi kwa mishahara, bandari na vyuo. Mteja wako wa mwaka mzima ni mtumishi anayejenga kidogo kidogo: kitasa, bomba la nusu inchi, swichi, rangi ya lita 4. Mkulima anayekuja na fedha za mkupuo atataka bati zifike kijijini, hivyo elewana mapema na mwenye kirikuu au Canter, na bei ya usafiri uwe nayo mdomoni kabla hajauliza.

Mgawanyo wa mtaji tungeuweka hivi. Tuseme fremu ni 200,000 kwa mwezi: ukilipa miezi sita, ni 1,200,000. Rafu, kaunta, leseni na mashine ya risiti (EFD) vitengee milioni 1.8. Mali ya kuanzia milioni 4, vitu vidogo vitupu. Milioni 3 ziongeze kwenye bati na misumari Novemba, malipo yakishaanza kutoka. Milioni 2 zilizobaki usiziguse: ni za kodi ya fremu na kula kuanzia Februari. Wengi hukwama hapo, fedha yote imegeuka bati zilizosimama ukutani.

Saruji usiifanye nguzo ya duka. Kiwanda cha Dangote kiko mkoani humo, kila mwenye duka anaipata, faida kwa mfuko ni ndogo. Ukiiweka, ipange juu ya mbao, isigusane na sakafu wala ukuta, isizidi mifuko kumi kwenda juu. Unyevu wa bahari huigandisha. Misumari ifunge kwenye ndoo zenye mifuniko. Bati zikilowa zikiwa zimebanana huota madoa meupe, na mteja hatazigusa.

Mali ya Dar ibebe kabla ya Machi. Barabara ni kama kilomita 560, na Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, mafuriko yaliikata eneo la Somanga, Kilwa. Hakikisha akiba ya vitu vinavyotoka haraka inakufikisha Juni.

TIN hutolewa bure TRA. Leseni huombwa halmashauri. Mkataba wa fremu uwe wa maandishi, na ujue kwamba mpangaji wa biashara ndiye anayekata asilimia 10 ya pango (kodi ya zuio) na kuiwasilisha TRA. Lisemeni na mwenye fremu kabla ya kusaini, la sivyo utailipa wewe juu ya pango kamili. Andika mauzo ya kila siku tangu siku ya kwanza. TRA ikikukadiria kwa kuangalia Desemba peke yake, utabebeshwa kodi ya mwaka ambao hukuuza.

La mwisho, na hili tunakusihi: usikopeshe bati kwa ahadi ya msimu, wala usipokee korosho badala ya fedha. Kununua korosho nje ya mfumo ndiyo kangomba. Ni kosa kisheria, na huwaumiza wakulima walewale watakaokuwa majirani zako. Msimu wa 2018 serikali ilitangaza kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malipo ya wengi yakachelewa kwa miezi. Mwenye duka aliyekopesha hana wa kumdai katika hali kama hiyo.

SWALI: Nimepata ajira Mtwara mjini. Je, nikipanga Mikindani nitaokoa? — Msomaji, Morogoro

JIBU: Mikindani iko kama kilomita 10 kutoka mjini, na bajaji na daladala zipo. Zidisha nauli ya kwenda na kurudi kwa siku 26, kisha ulinganishe na tofauti ya kodi. Ikiwa zamu yako inaisha usiku, panga mjini: Chuno, Ligula au Magomeni. Nyumba ikague mara mbili, asubuhi na usiku, uone kama maji ya bomba yanatoka. Ya kisima yaonje, maana karibu na bahari mengi yana chumvi. Chagua chumba chenye LUKU yake. Dalali mlipe baada ya kukabidhiwa ufunguo.