Mmegombana kazini? Majibu kwa wasomaji wa Arusha na Moshi

Niko mapokezi katika hoteli moja Sakina. Mwenzangu wa zamu ya usiku akikuta kosa langu analiandika kwenye grupu la WhatsApp la kazini, na bosi anasoma. Nimjibu humohumo?

Usimjibu humo, mdogo wangu. Grupuni kuna watazamaji, na mbele ya watazamaji kila mmoja atatetea heshima yake, kosa lenyewe lisahaulike. Msubiri mnapokabidhiana zamu, mkiwa wawili, umtajie tukio moja tu: "Jana uliandika kwamba sikumwandikisha mgeni. Ni kweli nilisahau. Siku nyingine nipigie, nitarekebisha." Usimwambie ana roho mbaya. Hilo huwezi kulithibitisha, naye hataacha kulijibu. Kisha ombeni daftari la makabidhiano, kwa sababu ugomvi mwingi wa zamu hutokana na taarifa ambayo haikuandikwa popote.

Shikamoo dada. Mimi ni mpagazi, napandisha wageni Kilimanjaro kwa njia ya Machame. Tukishuka Mweka ni kelele za tipu: tunaambiwa wageni wametoa kidogo, lakini bahasha hatujaiona ikifunguliwa. Ukiuliza, safari ijayo huitwi.

Marahaba. Hili linaniuma, maana mtu aliyebeba mizigo ya wenzake hadi kambi za juu ana haki ya kujua malipo yake yamepita wapi.

Tatizo la kwanza ni wakati mnaouliza. Mweka mmechoka, gari linangoja, na pesa iko mfukoni mwa mtu mmoja. Swali lolote hapo linasikika kama tuhuma. Liulizeni getini Machame kabla ya kupanda, mizigo inapopimwa: mgawo wa mpagazi ni upi, wa mpishi ni upi, na nani atahesabu mbele ya wote? Siku hiyo hakuna aliyekula cha mtu, kwa hiyo hata kiongozi wa safari anaweza kujibu bila kuona anashtakiwa. Mchagueni mmoja anayeheshimika, wa umri mkubwa ikiwezekana, aulize kwa niaba ya wote.

Ofisini pia ombeni karatasi ya mgawo ambayo kila mtu anasaini akipokea chake. Na kama kuna aliyeachwa kwa sababu aliuliza, nendeni kwa mwenye kampuni mkiwa kundi. Akienda peke yake ataitwa mkorofi; mkienda watano mtasikilizwa.

Nanyi viongozi wa safari mnaosoma hapa, fungueni bahasha mbele ya wageni na wapagazi. Mwaminifu hapotezi kitu kwa kufanya hivyo.

Nasimamia kitengo cha kufungasha maua, Usa River. Kina dada wawili hawasalimiani, kazi inakwama. Niliwaita mbele ya wote nikawakemea, sasa imezidi.

Uliwaaibisha, na sasa wana kinyongo na wewe pia. Anza kwa kuwaomba radhi kwa hilo. Msikilize kila mmoja peke yake, kisha wote wawili, mlango ukiwa umefungwa. Ukiuliza nani alianza, mtarudi mpaka mwaka juzi. Uliza kazi inakwama wapi: pengine mmoja anachelewesha ndoo, mwingine ndiye anayesemwa kwa maua yaliyovunjika. Hapo kuna kitu ambacho wewe msimamizi unaweza kukibadilisha. Kupendana huwezi kuwalazimisha. Salamu na ushirikiano unaweza kuvidai.

Ni dereva wa watalii, Arusha. Jiwe lilipasua kioo cha mbele njia ya Serengeti, na mshahara umekuja umekatwa nusu. Bosi anasema nikiona vibaya niache kazi.

Usiache kazi kwa hasira, na usinyamaze. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, haimpi mwajiri ruhusa ya kukata atakavyo. Ili akate kufidia hasara, lazima iwe imetokea kazini kwa kosa lako, akueleze kwa maandishi sababu na kiasi, akupe nafasi ya kujitetea, nawe ukubali deni hilo kwa maandishi. Hata hapo, makato hayo yasizidi robo ya mshahara wako wa fedha. Jiwe lililorushwa na gari lingine ni vigumu kuliita kosa lako.

Omba kikao naye akiwa ametulia, uende na hati ya mshahara na maelezo ya safari ile. Mweleze kilichotokea na kiasi unachodai, bila maneno ya kumchafua. Akikataa, mwandikie barua, kisha peleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ambayo huanza na usuluhishi kabla ya kuamua. Madai kama yako yanapelekwa ndani ya siku 60. Mtu aliyefukuzwa kazi ana siku 30 tu. Kwa hiyo usikubali kuzungushwa na "njoo wiki ijayo" mpaka muda uishe. Nakala ya barua baki nayo, ikiwa na tarehe na saini ya aliyeipokea.