Je, Kujaribiwa Ni Dhambi?

SWALI: Nimeokoka miaka mingi na ninaomba kila siku, lakini bado ninaanguka katika dhambi ileile. Je, kujaribiwa kwenyewe ni dhambi?

JIBU: Hapana, kwa maana Yesu mwenyewe alijaribiwa nyikani asitende dhambi, na Yakobo 1:15 inaonyesha kwamba tamaa huchukua mimba kwanza, ndipo ikazaa dhambi. Hapo katikati ndipo pa kukesha. Mtazame mfalme Daudi katika 2 Samweli 11: jeshi lake likiwa vitani, yeye alibaki Yerusalemu, akatembea darini, akamwona Bathsheba, mke wa mtu mwingine, akatuma watu kuuliza habari zake, mwisho akazini naye; kila hatua ilikuwa na nafasi ya kugeuka. Chunguza basi saa na mazingira yanayotangulia anguko lako (mara nyingi ni uchovu au upweke tu), uyaepuke mapema, nawe umweleze mchungaji wako.