Kabla hujaifuta draiva kwa mara ya tano

Mashine yangu niliiunga mwenyewe juu ya meza ya chakula, huku mke wangu akiuliza ile skrubu iliyobaki ilikuwa ya wapi. Prosesa ni Ryzen 5 3600, RAM GB 16, na kadi ya grafiki ni RX 580 ya GB 8 niliyoinunua mtumba Kariakoo. Kazi yake ni kuhariri video za harusi na send-off kwa DaVinci Resolve, programu isiyo na huruma na mtu mwenye kadi mgonjwa.

Kadi ile ilinisumbua karibu wiki tatu. Draiva yake, ile programu inayoiunganisha kadi na Windows, nimeifuta na kuiweka upya hadi mikono ikawa inajua njia yenyewe, na muda wote huo draiva haikuwa na kosa. Kila niliyemuuliza alinijibu neno moja, la muuzaji likiwa la kwanza: "Mkuu, hiyo ni draiva tu, kaiweke upya." Ushauri huo si mbaya. Tatizo ni kwamba huwa unapewa wa kwanza wakati nafasi yake kwenye foleni ni ya nne au ya tano.

Nianze na aibu yangu ndogo. Siku ya kwanza feni zilizunguka, taa ziliwaka, kioo kikasema hakuna signali. Nikahangaika saa nzima. Kumbe waya wa HDMI nilikuwa nimeuchomeka kwenye tundu la madabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, si la kadi. Ryzen 5 3600 haina grafiki yake ya ndani, kwa hiyo kwenye mashine yangu tundu lile ni pambo. Intel zenye herufi F mwishoni, kama i5-12400F, nazo ni hivyo hivyo. Ukishahakikisha waya wa picha, angalia na wa umeme: RX 580 imepangiwa wati 185, na nafasi inapochomekwa kwenye madabodi hutoa wati 75 tu. Zilizobaki zinapita kwenye waya wa pini 8 unaotoka kwenye pawa saplai. Usukume mpaka usikie umeshika.

Hayo ni ya dakika tano. Linalofuata ndilo ningependa mtu angeniambia mapema: tazama mashine inakufaje. "Kompyuta inazima" ni maneno ambayo hayamsaidii fundi yeyote, kwa sababu kuna vifo vya namna tofauti na kila kimoja kinaelekeza kwingine.

Kuna kile ambacho kioo kinakuwa cheusi sekunde mbili tatu, kisha picha inarudi, na programu uliyokuwa unatumia imefunga au imeganda. Hapo Windows imeshtuka kwamba kadi haijibu. Kwa kawaida huipa sekunde 2, zikipita inaiwasha draiva upya bila kukuuliza. Fungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, ingia sehemu ya System, utakuta tukio namba 4101 linalotaja draiva ya kioo. Kuna watu watakwambia ukaongeze muda huo ndani ya rejista, ghala la mipangilio ya Windows, kitu kinaitwa TdrDelay. Kwa kazi chache nzito ina maana, lakini kwa kadi inayoumwa ni kumeza panadol na kuendelea na safari.

Kuna kingine ambacho kioo kinakuwa cheusi na hakirudi, ila muziki unaendelea kupiga. Mashine ipo hai, picha ndiyo imekufa. Bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B. Hiyo ni amri ya kuiamsha draiva. Picha ikirudi, umeshajua unatafuta upande gani. Isiporudi, jaribu waya mwingine na tundu jingine la kadi kabla hujagusa programu yoyote.

Na kuna kile ambacho kila kitu kinakatika kwa mpigo, feni na taa, kama mtu amechomoa waya ukutani. Baadaye Event Viewer itakuonyesha Kernel-Power namba 41, yaani mashine ilizimika bila kuaga. Kifo hicho hata usikiguse kwa draiva. Anza na umeme.

Changu hakikuwa hata kimoja kati ya hivyo. Mashine iliwaka, Windows ikafunguka, lakini picha ilikuwa kubwa na ya kufifia kana kwamba naangalia televisheni ya kichogo. Resolve ikasema haioni kadi. Nikabonyeza kitufe cha Windows na X, nikaingia Device Manager, orodha ya vifaa vya mashine, nikafungua Display adapters. Pale pana mambo mawili ya kusoma. Ukikuta jina Microsoft Basic Display Adapter, maana yake draiva ya kadi yako haipo kabisa na Windows inachora picha kwa ile yake ya dharura. Ukikuta jina sahihi la kadi lakini lina alama ya njano, bonyeza mara mbili usome namba iliyoandikwa. Yangu ilikuwa Code 43. Kwa lugha ya nyumbani: draiva imeiambia Windows kwamba kifaa hiki kimeshindwa, nayo Windows ikakisimamisha.

Soma sentensi hiyo tena. Draiva ndiyo iliyotoa taarifa. Mimi nikamkamata mleta habari.

Kwa kuwa kusafisha draiva ni kitu utakachokifanya siku moja, nieleze kunavyofanyika vizuri, maana mara mbili za kwanza nilikosea. Pakua kwanza draiva mpya kutoka tovuti ya mtengenezaji wa chipu, AMD au NVIDIA, uiweke pembeni. Pakua na programu ya bure inayoitwa Display Driver Uninstaller, wengi wanaiita DDU. Kisha kata intaneti, na hapa ndipo nilipojikwaa: niliacha waya wa ruta umechomekwa, nikasafisha vizuri kabisa, na kabla sijaweka draiva yangu Windows Update ikawa imeshashusha nyingine ya zamani, kama inavyotakiwa kufanya ikikuta kifaa hakina draiva. Intaneti ikiwa imekatwa, shikilia Shift huku ukibonyeza Restart, fuata njia ya Troubleshoot hadi Startup Settings, uchague Safe Mode, yaani Windows ikiwaka na vitu vya lazima tu. Kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows, hakikisha unao ufunguo wake umeandikwa mahali kabla hujaanza, la sivyo utajifungia nje ya nyumba yako. Ukiwa ndani ya Safe Mode endesha DDU, safisha, mashine iwake upya, weka ile draiva, ndipo urudishe intaneti. Na toleo jipya si lazima liwe bora kwa kadi ya zamani. Mwaka 2023 AMD ilizitenga draiva za familia za Polaris na Vega kutoka zile za kadi mpya, na RX 580 ni Polaris, kwa hiyo chagua kwa jina la kadi yako.

Nilifanya yote hayo. Code 43 haikuondoka.

Hapo nikafanya kipimo ambacho hadi leo nakipenda, ingawa kilinidanganya. Niliweka Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, mfumo unaoweza kuendesha kompyuta badala ya Windows, kwenye flashi, nikawasha mashine kwa hiyo flashi bila kuigusa diski. Linux inabeba draiva ya AMD ndani yake, hakuna cha kupakua. Picha ikatoka safi kabisa. Nikashangilia: kadi nzima, kwa hiyo mbovu ni draiva ya Windows! Nikapoteza siku nne nyingine nikijaribu matoleo ya draiva, moja baada ya jingine, huku mama wa bibi harusi akinitumia ujumbe wa sauti kila jioni. "Mwanangu, hujambo? Ile video yetu vipi?" Namwitikia shikamoo, namwambia inaiva.

Aliyenitoa gizani ni kijana mmoja anayetengeneza mashine za michezo mtaani kwetu. Hakuiwasha hata. Aliuliza swali moja: "Kaka, hii kadi ilikuwa inafanya kazi gani kabla yako?"

RX 580 ilitoka mwaka 2017, na kwa miaka mingi ilikuwa kipenzi cha wachimbaji wa Ethereum, sarafu ya kidijitali iliyokuwa ikipatikana kwa kuzipigisha kadi mahesabu mchana na usiku. Septemba 2022 Ethereum iliachana na uchimbaji wa kadi, na kadi hizo zikamwagika masoko ya mitumba duniani kote. Mchimbaji hakutaka picha, alitaka kumbukumbu ya kadi iende kasi na umeme utumike kidogo. Kwa hiyo aliingia ndani ya BIOS ya kadi, ile programu ndogo inayokaa kwenye chipu ya kadi yenyewe, akabadilisha vipimo vyake. Draiva ya AMD ya Windows hukagua saini ya BIOS hiyo. Ikiona imechokonolewa, inakataa. Ile ya Linux haikagui, na mashamba mengi ya uchimbaji yalikuwa yanaendeshwa kwa Linux. Ndiyo maana kipimo changu kilitoka safi: nilikuwa nimeirudisha kadi kwenye mazingira iliyokulia.

Kijana akaigeuza, akanionyesha swichi ndogo ukingoni, ukubwa wa punje ya mchele. Baadhi ya RX 580 zina BIOS mbili, na mchimbaji mvivu hubadilisha moja tu. Tulizima, tukachomoa waya wa umeme, tukaisogeza swichi kwa ncha ya kalamu, tukawasha. Code 43 ikaisha. Draiva ile ile niliyoitukana wiki tatu ikakaa kimya ikifanya kazi yake.

Kama kadi yako haina swichi, au BIOS zote mbili zimeguswa, ipo njia ya kurudisha ya asili. Tovuti ya TechPowerUp ina maktaba ya BIOS za kadi, na programu yao ya GPU-Z itakuonyesha aina ya kumbukumbu uliyonayo na kukuruhusu kuhifadhi BIOS iliyopo kabla hujaifuta. Lazima vilingane vyote: mtengenezaji wa kadi, modeli, ukubwa wa kumbukumbu, na kampuni iliyotengeneza kumbukumbu hiyo, iwe Samsung, Hynix au Micron. Ukikosea, unabaki na tofali, kadi isiyowaka. Umeme wako kama ni wa kukatika-katika, usifanye kazi hiyo jioni. Mimi mwenyewe ningempa fundi.

GPU-Z hiyo hiyo ningeiendesha dukani kabla pesa haijatoka mfukoni. RX 580 kamili ina shader 2304, vile visehemu vya chipu vinavyopiga mahesabu ya picha. Lipo toleo linaloitwa 2048SP lenye 2048, dogo zaidi, na mara nyingi stika ya boksi haisemi. Upande wa NVIDIA zipo kadi za zamani zilizobadilishwa jina ili zionekane mpya, na tangu 2018 GPU-Z hujaribu kuzitambua na kuziandikia neno FAKE waziwazi. Muuzaji akikataa usiwashe kadi mbele yake, ameshakujibu.

Kisa hakikuishia hapo. Usiku ule ule, nikiwa nimefika nusu ya kutoa video, mashine ilikatika kwa mpigo. Mkono ulishaanza kwenda kwenye DDU. Nikajizuia, nikafungua Event Viewer: Kernel-Power 41. Umeme ulikuwa umeyumba, na UPS yangu ya 650VA, ile betri ya akiba, ilikuwa inabeba kompyuta, vioo viwili, ruta na chaja ya simu. VA 650 si wati 650. Nyingi za ukubwa huo hutoa chini ya wati 400. Kadi ilikuwa imeanza kula umeme wake halali baada ya kutoka kwenye ile BIOS ya kubana matumizi, na UPS ikanyoosha mikono. Nikachomoa kioo cha pili na chaja, nikaanza upya saa saba usiku.

Video ilitoka asubuhi. Mama wa bibi harusi alijibu kwamba ni nzuri, ila shangazi yake haonekani kwenye kukata keki. Ile swichi nimeifunika kwa kipande cha selotepu, nikaandika juu yake kwa kalamu ya wino: "usiguse".