Nipe spana kumi: ni moja au ni kumi?

Swali: Ninafundisha ufundi wa magari, na sasa ninaandika maelezo ya somo kwa Kiswahili. Je, niandike "spana kumi" kama mafundi wanavyosema, au "spana namba 10"? Na spana za kazi maalumu, kama za plagi na za breki, niziiteje?

Jibu: Mwalimu, swali lako la kwanza linagusa mahali ambapo sarufi na gereji zinakutana. Fundi aliyelala chini ya gari hutoa mkono nje na kusema "kumi na nne", na mwanagenzi aliyechuchumaa kando ya boksi la vifaa humpa spana moja yenye upana wa milimita 14 bila kusita. Hakuna utata hapo, kwa sababu kazi yenyewe inasema anahitaji nini. Karatasi haina mkono wa fundi wala gari la kuangalia.

Tatizo linatokana na neno "spana" lenyewe. Tulilikopa kutoka Kiingereza na kuliweka katika ngeli ya I-/ZI-, ambamo jina halibadiliki katika wingi: spana moja, spana mbili. Kama tungekuwa na jina la ngeli ya KI-/VI-, umbo lake lingetuambia mara moja, kwa kuwa hakuna anayechanganya "kisu namba kumi" na "visu kumi". Kwa spana, kinachotuokoa ni upatanisho tu. "Spana kumi imepotea" ni moja, ile ya milimita 10. "Spana kumi zimepotea" ni hasara kubwa zaidi. Vivyo hivyo "ilete spana kumi" na "zilete spana kumi". Lakini ukiandika "chukua spana kumi", hakuna kiambishi chochote cha kumsaidia mwanafunzi, na ukiandika "chukua spana kumi na kumi na mbili" unamwongezea mzigo bure. Kwa hiyo katika maandishi andika "spana namba 10", na idadi uiandike kwa maneno: "spana mbili za namba 10". Usemi wa gereji usiufute midomoni mwa wanafunzi, kwani ni Kiswahili kizuri mahali pake.

Ukishaandika "namba", eleza pia ni namba ya nini. Wanafunzi wengi hudhani ni unene wa bolti, kumbe ni upana wa kichwa chake kutoka ubapa hadi ubapa. Katika magari mengi ya Kijapani, bolti yenye unene wa milimita 8 hufunguliwa kwa spana namba 12, na ya milimita 10 kwa namba 14. Katika magari mengi ya Ulaya, ile ya milimita 8 huhitaji namba 13. Sentensi kama "bolti namba 8" bila maelezo humpoteza mwanafunzi.

Kuhusu spana za kazi maalumu, Kiswahili kina nyenzo yake tayari, nayo ni kauli ya kutendea. Tunasema kisu cha kukatia na jembe la kulimia. Basi tuseme "spana ya kufungulia plagi", ile ndefu yenye mpira ndani unaoishika plagi isidondoke wakati wa kuitoa shimoni. Ukishaitaja hivyo mara moja, "spana ya plagi" inatosha. "Spana ya filta ya oili" nayo inaeleweka bila shida.

"Spana ya breki", hata hivyo, siikubali. Breki ina bolti za aina nyingi, na spana unayoikusudia ni ya nati za paipu za breki: ringi iliyoachwa uwazi mdogo ili paipu ipenye, kisha ringi ikumbatie nati karibu pande zote. Spana ya mdomo wazi hushika pande mbili tu, na nati hizo ni laini. Ikiteleza mara moja nati inalika, na huenda paipu nzima ikabadilishwa. Iite "spana ya paipu za breki", ili jina lenyewe limpeleke mwanafunzi mahali sahihi.

Ile inayobanwa na kupanuliwa, mafundi wa Tanzania huiita "spana malaya", kwa kuwa hukubali nati yoyote. Jina hilo linajulikana mno, lakini linawadhalilisha watu, na darasani wamo mabinti wanaojifunza kazi hii, kwa hiyo mimi nisingeliandika. Wala usiandike "spana ya kurekebishia", maana kutendea hapo kungemaanisha chombo cha kurekebisha kitu kingine, ilhali kinachorekebishwa ni mdomo wa spana yenyewe. Andika "spana inayorekebishika".

Mwisho ni ile yenye kipimo cha nguvu. Hapa chagua kitenzi kwa uangalifu: nati "hufungwa" kwa mkono au kwa spana ya kawaida, kisha "hukazwa" kwa kipimo. Basi ni "spana ya kukazia kwa kipimo", na maelekezo yawe hivi: "Funga nati zote za gurudumu, shusha gari, kisha kaza kila nati hadi nyutonimita 103". Nyutonimita ni kizio cha nguvu ya kukazia, na 103 ni kiwango kinachotumika kwa magari madogo mengi ya Toyota.