Kondomu mkobani si kosa

SWALI: Shikamoo wakili. Nafanya kazi baa hapa Tanga, nakaa Ngamiani. Juzi saa saba usiku nilikuwa nasubiri bodaboda, askari wakanipekua mkoba wakakuta kondomu tatu. Wakasema mimi kahaba na kidhibiti ndicho hicho. Nililala mahabusu. Sheria inasemaje?

JIBU: Marahaba, na pole sana mwanangu. Hakuna kifungu kinachokataza kubeba kondomu. Zinazogawiwa bure zahanati ili watu wajikinge na VVU haziwezi kugeuka kidhibiti zikifika barabarani.

Askari huegemea kifungu cha 176 cha Kanuni ya Adhabu, kinachomtaja kahaba anayezurura au kutafuta wateja hadharani. Kisome taratibu. Hakimwadhibu mtu kwa kuuza mwili, kinaadhibu mwenendo wa barabarani, na mwenye mzigo wa kuuthibitisha ni upande wa mashtaka: ulimwita nani, ulimwambia nini, nani alisikia? Kusubiri bodaboda hakujibu hata swali moja kati ya hayo. (Wenye madanguro na wanaoishi kwa mapato ya ukahaba wana vifungu vyao.)

Kifungu hiki kina asili katika sheria ya uzururaji ya Uingereza ya mwaka 1824, na kinaniuma kila ninapokiona kwenye hati ya mashtaka. Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, hapo Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, na nchi zina wajibu wa kuzifuta au kuzirekebisha. Bunge letu lianzie hapo. Leo anayeuza mwili akibakwa huogopa kwenda Dawati la Jinsia la polisi, asije akageuzwa mtuhumiwa, ilhali sheria ya ubakaji haijamtenga mwanamke yeyote.

Wakikukamata tena, uliza kosa ni lipi. Mwilini upekuliwe na askari wa kike. Usitie sahihi maelezo ambayo hujasomewa. Ndani ya saa 24 ufikishwe mahakamani au upewe dhamana.

Kwa la juzi, andika leo, kabla hujasahau: saa uliyoingia mahabusu, saa uliyotoka, na kama walikudai hela. Kwa karatasi hiyo tutalalamika kwa mkuu wa polisi wa wilaya, na nakala tutaipeleka Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.