Msuguano, mnato au uzito?

Swali: Mimi ni mwalimu wa sayansi katika skuli moja ya Wete, Pemba. Naandaa kwa Kiswahili karatasi ya majaribio mawili. Katika la kwanza wanafunzi wataburura kipande cha ubao juu ya meza kwa mizani ya kamani, na katika la pili wataangusha gololi ndani ya maji, mafuta na asali, wahesabu sekunde hadi ifike chini. Nimeandika "kupima msuguano wa ubao" na "kupima uzito wa asali". Mwenzangu mmoja anasema la pili liwe "msuguano wa asali", na mwengine anasema "mnato". Tufuate lipi?

Jawabu: Mwalimu, katika jaribio la pili neno la kuandika ni mnato, ingawa lina kasoro yake ambayo nitaieleza. Hata hivyo, ningependa tuanze na lile la kwanza, ambalo hukuliuliza, kwa sababu hapo pana kosa dogo la sarufi linaloweza kumpotosha mwanafunzi katika fizikia yenyewe.

Kitenzi sugua kina anayesugua na kinachosuguliwa: mtu husugua sufuria kwa mchanga, na seremala husugua mlango kwa msasa (na msasa, kabla ya kuwa karatasi ya dukani, ni mti ambao majani yake hukwaruza kiasi cha kulainishia mbao). Kitenzi hicho kikishakuwa suguana, kila upande unatenda na kutendwa, na nomino msuguano imetoka hapo. Kwa hiyo msuguano unadai pande mbili, na ukitaja mmoja tu msomaji anabaki anamtafuta wa pili, kama mtu aliyeambiwa kuwa Juma amegombana, basi, hakuambiwa na nani. Andika "msuguano baina ya ubao na meza". Anayeandika "msuguano wa ubao" humfanya mwanafunzi adhani kuwa ubao una msuguano wake kama unavyokuwa na rangi yake na urefu wake, na sivyo: ubao huohuo ukiburura juu ya kioo mizani itasoma hivi, na ukiburura juu ya mkeka itasoma vyengine.

Kabla ya kukujibu nilifunga pakiti ya sukari ya kilo moja juu ya kipande cha mbao na kukivuta juu ya meza ya jikoni. Mshale wa mizani ulipanda polepole huku ubao haujatikisika, kisha ubao ulipochomoka mshale ukarudi nyuma kidogo na kutulia hapo kwa muda wote ubao ulipokuwa unateleza. Wanafunzi wako wataliona jambo hili, na watakuuliza jina lake. Ule wa mwanzo, wakati kitu hakijaondoka, ningeuita msuguano tuli, na ule wa pili msuguano wa kuteleza. Nakiri kwamba hapa neno linachechemea kidogo, kwani katika msuguano tuli hakuna kinachosuguana, vitu vimegandana tu vinagoma kuachana. Lakini istilahi zote zina mahali pake pa kuchechemea, na hili halizuii safari.

Ukigawa usomaji wa mizani kwa uzito wa ubao pamoja na mzigo wake, juu ya meza iliyo sawa, unapata kizigeu cha msuguano. Mzigo wote ukiwa nyutoni 10 na mizani ikasoma 4, kizigeu ni 0.4, nacho hakina kizio kwa kuwa ni uwiano wa kani mbili, yaani misukumo au mivuto. Hapo pia uwe mwangalifu kuandika kani na si nguvu. Mtaani tunasema nguvu kwa yote mawili, na anayeshindana bila ya kukubali tunasema ameshika kani, lakini katika somo lako nguvu imeshapewa kazi nyengine, ya kasi ya kufanya kazi. Kisha waambie waulaze ubao kwa upande wake mwembamba wavute tena: watashangaa kuwa mizani inasoma karibu vilevile, jambo ambalo mwanasayansi Guillaume Amontons wa Ufaransa alilieleza mwaka 1699, kwamba msuguano hufuata mzigo wala haufuati ukubwa wa eneo linalogusana.

Sasa asali. "Uzito" ni neno zuri kabisa jikoni. Tunasema uji mzito, mchuzi mzito, na mpishi wa halua hujua kwa mkono wake kuwa halua imeanza kuwa nzito pale mwiko unapogoma kuzunguka. Hakuna aliyekosea hapo. Tatizo linaanza pale neno hilohilo linapoingia darasani ambako mizani ipo juu ya meza. Chukua mafuta ya mbarika: kila mtu atasema ni mazito kuliko maji, na ukiyamimina utaona yanavyotoka kwa uvivu, lakini yatie ndani ya bilauri ya maji, yataelea juu. Mazito yanaelea juu ya mepesi! Mwanafunzi mwerevu atakukamata hapo, na atakuwa na haki, maana umetumia neno moja kwa mambo mawili yasiyofuatana.

Mnato linaondoa mgongano huo. Kasoro yake ni kwamba limetoka katika nata, na kinachonata kwetu ni ulimbo wanaotega watoto ndege, au gundi, au mikono iliyomenya fenesi. Mafuta ya nazi hayanati, yanateleza, na bado mnato wake ni mkubwa kuliko wa maji. Kwa hiyo usiwaachie wanafunzi wakisie maana kutokana na sura ya neno. Waelezee kuwa hapa mnato ni kadiri kimiminika kinavyopinga kutiririka, iwe kinashika vidoleni au hakishiki. Mimina kijiko cha asali juu ya sahani uiinamishe. Sehemu ya juu inakimbia mbele, ile inayogusa sahani haitoki, na baina yake tabaka moja inaiburura nyengine. Ndiyo sababu simkatai kabisa mwenzako aliyesema msuguano, ila aseme "msuguano wa ndani", kwani zile pande mbili unazozidai msuguano zimo humohumo ndani ya asali, tabaka kwa tabaka.

Kuna sababu nyengine ya kuyatenga maneno haya mawili. Ubao ukiuvuta haraka au taratibu, msuguano wa kuteleza haubadiliki sana, lakini gololi inayozama katika asali inapingwa zaidi kadiri inavyokwenda mbio, mpaka upinzani huo na kule kuelea vikalingana na uzito wake, na kutoka hapo inashuka kwa mwendo mmoja. Mwanafizikia George Stokes aliiandikia hali hii kanuni mwaka 1851. Funga mipira miwili myembamba ya kufungia kwenye chupa, mmoja chini kidogo ya shingo na mwengine karibu na kitako, mpime muda wa kutoka wa juu hadi wa chini, ili gololi iwe imeshatulia katika mwendo wake kabla ya kuanza kuhesabu. Katika maji gololi hupita haraka mno kwa saa ya mkononi, na kinachoipinga zaidi hapo ni maji yanayosukumwa pembeni kuliko mnato. Upinzani huo kwa jumla uite ukinzani wa maji, kama tunavyosema ukinzani wa hewa.

Joto nalo liandikwe katika karatasi, maana asali iliyokaa juani hupungua mnato. Na kama jaribio litafanywa asubuhi ya kipupwe, chunga mafuta ya nazi: chini ya nyuzi 24 hivi huanza kuganda, na kuganda si kuzidi mnato, ni kuacha kuwa kimiminika.

Basi vichwa vyako viwe "Kupima msuguano baina ya ubao na meza" na "Kulinganisha mnato wa maji, mafuta na asali". Nimebadilisha "kupima" kuwa "kulinganisha" kwa makusudi, kwa sababu sekunde peke yake zinakuonesha kipi kina mnato zaidi, lakini hazikupi kiasi chake mpaka ujue pia ukubwa wa gololi na uzito wake, umbali iliopita, na uzito wa kimiminika chenyewe kwa ujazo wake.