Usikate bati bovu kabla jipya halijawa tayari

Sakafu ya upande wa dereva kwenye gari langu la porini ilionekana nzima. Nilipotoa zulia nikakuta doa la kutu lenye upana wa kiganja, nikachukua bisibisi nikaanza kugongagonga pembeni yake. Bisibisi ilizama mpaka kwenye mpini, sentimita 15 kutoka kwenye doa. Kutu ya bodi huanzia ndani, pale mabati mawili yanapolaliana na maji yakakosa pa kutokea. Ikifika juu ya rangi, huko chini imeshakula vya kutosha. Kwa hiyo gonga kila mahali, kwaruza mpaka ukute chuma kigumu kinachong'aa, ndipo uchore mstari wa kukatia.

Mimi siku ile sikuchora kitu. Niliwasha grainda, nikakata sakafu pamoja na kizingiti cha chini ya mlango, vipande vikaenda kwenye vyuma chakavu. Kesho yake mlango ukakataa kufunga. Kile kizingiti ndicho kilichokuwa kikizuia nguzo mbili za mlango zisisogeleane, na zilikuwa zimesogeleana karibu milimita 8. Sikuwa na kipimo hata kimoja cha kunionyesha zilikuwa wapi mwanzo. Nilizirudisha kwa jeki kwa siku tatu, kidogo kidogo, nikilinganisha na upande wa abiria ambao haukuguswa.

Ndiyo maana nasisitiza sana jambo hili: bati bovu ndiyo ramani yako. Hata likiwa limeliwa nusu, bado lina mikunjo, matundu ya bolti na kina cha kila kona. Likiwa bado garini, hakikisha milango inafunga vizuri, kisha chomelea mabomba ya mraba kutoka nguzo hadi nguzo, moja likiwa la mshazari. Yakishashika, bodi haitacheza hata ukitoa kizingiti chote. Baada ya hapo tengeneza kielelezo cha kadibodi cha kukatia bati jipya.

Kadibodi iwe nyembamba, kama ya boksi la viatu. Ile nene yenye mawimbi hukunjika inapotaka yenyewe. Ibane juu ya bati la zamani, ikandamize kwa vidole mpaka kingo zijichore, kata, rudisha ujaribu tena. Palipopungua ongeza kipande kwa utepe. Andika juu yake "mbele" na "juu", maana kielelezo kikigeuzwa kinazaa sakafu ya upande wa pili. Halafu kuna hesabu ya kona. Ukipima pande mbili za kona kwa nje na kuzijumlisha, bati litazidi. Kwa bati la milimita 1 lililokunjwa nyuzi 90, zidio huwa kama milimita moja na nusu hadi mbili kwa kila kona. Panapokuwa na kona nne, hilo ni kosa la kutosha matundu ya bolti yasikutane. Kunja kwanza kipande cha majaribio, ukipime.

Kwa sakafu natumia geji 18, yaani takriban milimita 1.2. Kwa madigadi na ngozi ya mlango, milimita 0.8 au 0.9 inatosha. Bati lenye zinki lisagwe pembeni kabla ya kuchomelewa, na ufanye kazi penye hewa, kwa sababu ule moshi mweupe huleta homa na kutetemeka saa chache baadaye. Jaribu pia sumaku kwenye bodi, maana haishiki alumini. Land Rover nyingi, tangu zile za mwanzo za 1948, zina paneli nyingi za aloi ya alumini, na hizo haziungwi kwa mashine ya kuchomelea yenye waya wa chuma cha kawaida. Ukifunga chuma kitupu juu ya alumini kwa bolti, unyevu ukiingia katikati alumini italiwa. Weka rangi na mpira kati yao.

Kukunja hakuhitaji mashine kubwa. Bana bati kati ya vyuma viwili vya engo, kisha pita na nyundo ya mbao kutoka mwanzo hadi mwisho, kila mpito ukilaza kidogo. Ukimaliza kona sehemu moja kabla ya nyingine, bati litavutika vibaya na halitarudi.

Kwenye kuchomelea, adui ni joto. Tumia waya wa kuchomelea wa milimita 0.6, weka nukta moja mwisho huu, nyingine mwisho ule, ya tatu katikati, kisha subiri. Nikiweza kugusa chuma kwa mkono bila glavu, naendelea. Nukta zinajaziana taratibu mpaka zishikane. Mara moja niliburuza mstari wa sentimita 10 kwa mpigo, bati likavimba, na kila nilipolikanyaga lilidunda. Panga kingo zikutane ncha kwa ncha badala ya kulaliana, maana mlaliano ndio uliozaa kutu ya kwanza. Betri itoe waya, mabomba ya mafuta yasogeze mbali, na ukimaliza kaa nusu saa ukiangalia chini, kwa sababu ile lami ya kinga iliyopakwa chini ya gari huweza kufukuta bila moto kuonekana.

Paka praima, ziba maungio kwa silanti juu na chini. Kisha mwaga lita moja ya maji kwenye sakafu mpya, gari likiwa mahali tambarare, uone yanatuama wapi. Kama bati la zamani lilikuwa na tundu la kutolea maji, lirudishe palepale, na kingo zake zipate rangi. Kwenye sakafu yangu tundu hilo lilikuwepo. Nililigundua kwa kuchungulia upande wa abiria, wiki kadhaa baada ya kutupa vile vipande.